Hapa Ni Jikoni, Si Matangani

Sehemu ya Tano

Kama hukunisoma wiki iliyopita, habari yangu ni fupi na ni ya aibu.

Naitwa Ibtihal. Nina miaka arobaini na mmoja, nafundisha hesabu katika shule ya wasichana mjini Irbid, na kwa miaka sita nilikuwa msimamizi wa jukwaa la mtandaoni la wanawake wapishi, Sinia ya Kaskazini. Wanachama elfu sitini. Humo hakuna mwanachama aliyenijua kwa jina langu. Nilijiita Chumvi.

Kazi yangu ilikuwa kufagia. Maana jukwaa la mapishi likishakua, huja watu wasiokuja kupika. Kuna anayeweka picha ya dripu mkononi bila neno hata moja. Kuna anayeandika, "Leo nimevunjika moyo, msiniulize kitu," kisha anakaa anasubiri aulizwe. Mmoja aliaga mara tisa kwamba anatoka jukwaani, asitoke hata mara moja. Msichana anayeolewa keshokutwa anauliza kipimo cha hamira, hajibiwi, maana wote wamekimbilia kumbembeleza anayeaga.

Nikatunga sheria: "Hapa ni jikoni, si matangani. Posti ya kuombea huruma itaondolewa." Watu wakanipigia makofi. Makofi yakanilewesha.

Alikuwapo mmoja aliyejiita Binti wa Hauran. Kila Ijumaa aliweka picha ya makmura, ile ya matabaka ya unga, kuku na vitunguu, inayokaa kwenye oveni nusu siku na haipikwi kwa ajili ya mtu mmoja. Chini yake anaandika: "Nimepika ya watu kumi na wawili. Nimekula mwenyewe." Au: "Siku nikifa, jirani atajua kwa harufu."

Nikamfanya mfano. Nilizikusanya posti zake, nikazibandika juu kabisa ya jukwaa kila mtu azione, nikaandika: "Hivi ndivyo tusivyotaka. Bibi huyu hatafuti mapishi, anatafuta wa kumlilia. Akipika tena ya watu kumi na wawili ampelekee mwenye njaa, sisi atuache tupumue." Waliocheka walikuwa zaidi ya elfu moja. Nikamfungia mwezi mzima.

Wiki iliyopita niliishia jikoni kwa mama yangu, mjini Husn, nimeshika sinia yenye ukingo uliobonyea, mbele ya vigae vya maua ya buluu. Sinia ile ile ya kwenye zile picha. Vigae vile vile. Binti wa Hauran alikuwa mama.

Hebu twende sasa.

Mama aliingia akijifuta mikono maji ya udhu.

"Mbona umeikodolea macho hiyo sinia kama mchumba? Iweke chini, itakuchafua."

Nikaiweka. Macho yakabaki kwenye vigae.

"Una nini wewe?"

"Sina kitu, mama."

"Basi kama huna kitu, nisaidie jambo. Wewe mwalimu, unajua kuandika kwa adabu."

Akatoa simu kwenye mfuko wa aproni. Simu niliyomnunulia mimi, ili nisilazimike kuja kila mara.

"Kuna jukwaa la mapishi," akasema, macho chini, kama mwanafunzi aliyekutwa na peremende darasani. "Huwa naandikaandika humo. Kuna mwanamke anaitwa Chumvi. Amenifungia."

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini ulimi wa mwongo haukosi la kusema. Nikauliza, "Kwani umefanya nini?"

"Nimekosa."

"Hukukosa! Mama, ngoja tumwandikie tumtukane. Anajiona nani?"

"Weka ulimi wako ndani. Sikukulea hivyo. Mwandikie kwamba mimi ni mtu mzima, sikuzijua sheria zao. Kuanzia sasa nitaweka mapishi tu, maneno yangu nitabaki nayo mwenyewe. Asinifukuze tu."

"Kwani huko kuna nini, mama?"

"Wananijibu."

"Wanakujibu nini?"

"Naweka picha, hata chai haijapoa, mtu wa Ajlun ananiuliza vitunguu nilivikatakata au nilivisaga. Nani mwingine ananiuliza habari za vitunguu vyangu?"

"Mimi nikija—"

"Wewe ukija umeshakula."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. Ni kweli. Ijumaa nilizokuja, nilikuja alasiri, nimeshiba, funguo za gari mkononi. Kaka yangu Sufyan, mkubwa wangu, hakuwa amekanyaga pale tangu Idi, na duka lake la rangi liko mwendo wa robo saa. Baba alikufa miaka minane iliyopita.

Pale pale ningesema. Maneno matatu tu: "Chumvi ni mimi." Badala yake nikavuta kiti, nikajiandikia barua.

"Bibi Chumvi mheshimiwa..." Mama akanifanya nimsomee mara mbili. Kisha akasema, "Ongeza hapo mwisho: Mungu akupe afya na akujaalie watoto wenye huruma."

Mimi niliachwa na mume kwa kukosa watoto. Mama anajua. Chumvi ndiye asiyemjua. Nikaandika neno kwa neno, nikatuma, na simu yangu ikatetemeka ndani ya mkoba.

"Simu yako," mama akasema.

"Ni walimu wenzangu."

Nilipoondoka, nilisimamisha gari mbele ya duka la mikate, hata mtaa sijatoka. Ningegeuza gari nirudi. Badala yake nilifuta ile posti ya dhihaka, nikamfungulia, nikaandika kwa jina la Chumvi: "Mama yangu, mwenye kosa ni mimi. Nakuomba radhi. Umefunguliwa."

Nilidhani nimemaliza.

Dakika haikupita akajibu: "Nimekusamehe kabla hujaomba. Umekula?"

Nilikaa nikilitazama lile neno. Umekula? Tangu niachike, hakuna aliyeniuliza, ila yeye, na yeye nilikuwa simjibu vizuri. Safari hii nikajibu: "Sijala, mama."

Ndivyo tulivyoanza.

Kwa wiki tatu Chumvi na Binti wa Hauran waliandikiana asubuhi, mchana na jioni. Niliandika nikiwa ofisi ya walimu, nikiwa kwenye foleni, nikiwa nasahihisha mitihani. "Umelalaje?" "Maumivu ya nyonga yamelala leo?" "Mafuta ya taa ya jiko yapo? Baridi imekuwa kali." Chumvi aliuliza kila kitu ambacho Ibtihal hakuwahi kuuliza.

Na mama alijibu. Hapo ndipo nilipojua kwamba mwezi wa kumi na moja alianguka bafuni, akalala sakafuni kutoka alasiri hadi magharibi, akajikokota mwenyewe.

"Hukuwaambia wanao?" Chumvi akauliza.

"Kijana wangu angenifokea, halafu angeleta mtumishi wa kunilinda. Binti yangu ana jeraha lake. Nikimwambia upweke wangu atadhani namlaumu."

"Lakini mimi umeniambia."

"Wewe si wangu. Mtu humwambia mgeni kile asichoweza kumwambia mtoto aliyemzaa."

Nililia chooni shuleni, nikanawa uso, nikaingia darasani kufundisha desimali. Msinihurumie. Ningeweza kuyakatisha yale siku yoyote, na sikutaka. Nilikuwa nimempata mama yangu, na nilimpata kwa wizi.

Ijumaa ya pili nilifika saa sita mchana, sijala. Mama akashangaa. Akapakua, nikala sahani mbili. Kisha nikateleza.

"Mama, ile sakafu ya bafu, tuweke mkeka wa mpira usianguke tena."

Kijiko chake kikasimama. "Tena? Nani kakwambia niliwahi kuanguka?"

"Nimesema tu. Watu wazima huanguka."

"Mh." Akanitazama sana. "Watu wazima huanguka."

Alipokwenda jikoni kuchemsha chai, simu ikatetemeka mfukoni mwangu. Binti wa Hauran: "Leo binti yangu amekula sahani mbili! Nimefurahi, ila nahisi ana jambo. Niombee."

Mimi niko kwenye kochi, yeye yuko nyuma ya ukuta. Nikamjibu: "Nitakuombea, mama." Nikamsikia akicheka peke yake jikoni.

Jumatano ya wiki ya nne, balaa likabisha.

Ile posti niliyoifuta, mtu alikuwa ameshaipiga picha. Ikaanza kutembea kwenye simu za watu, Irbid nzima, na maneno mapya juu yake: "Bibi wa makmura, ameshakula leo?" Nilikuwa ofisi ya walimu mama mdogo Widad, mdogo wake mama, aliponipigia. Sauti yake ilisikika mpaka kwa mwalimu wa jiografia.

"Ibtihal! Vigae vya dada yangu vinafanya nini kwenye simu ya fundi wangu wa nywele?"

"Vigae gani, mama mdogo?"

"Usinichezee! Vile vya buluu tulivyochagua pamoja! Dada yangu anaombaomba huruma kwa watu baki na ana watoto wawili, mmoja mwenye duka na mmoja mwalimu! Mnamlisha nini, hewa?"

"Nitalishughulikia."

"Sufyan ameshajua. Yuko njiani. Kimbia."

Nilikimbia. Nilimkuta kaka amesimama katikati ya sebule, koti hajavua, rangi nyeupe kwenye kucha. Mama amekaa karibu na jiko la mafuta ya taa, anamenya chungwa na kupanga maganda juu ya jiko yatoe harufu nzuri. Kama vile hakuna kitu.

"Umetuvua nguo mjini, mama!" Sufyan alikuwa anasema. "Wateja wananiuliza dukani, mbele ya wafanyakazi wangu, 'Mama yako ameshakula leo?'"

"Na wewe uliwajibuje?"

"Nini?"

"Walipokuuliza kama nimekula. Uliwajibuje?"

Sufyan akanigeukia mimi, maana mtu akishindwa na mama hutafuta dada.

"Na wewe! Wewe ndiye mwanamke. Wewe ndiye wa kukaa naye."

"Tangu Idi, kaka. Tangu Idi hujaja."

"Mimi nina watoto wanne! Wewe una nini?"

Neno lile lilipotoka, hata yeye alijuta. Nilimwona. Lakini lilikuwa limeshatoka.

"Sufyan," mama akasema taratibu, "hilo hutalirudia ndani ya nyumba yangu."

Kisha Sufyan, kwa kukosa pa kutokea, akaikumbuka simu.

"Hiyo simu naondoka nayo. Na huyo Chumvi aliyekufanya kichekesho, wallahi nitampeleka polisi. Kuna sheria ya mambo ya mitandao."

"Chumvi mwache. Ni rafiki yangu."

"Rafiki? Mama, huyo ndiye aliyeanza kukucheka! Jina lake liko hapo juu!"

"Najua. Na akaniomba radhi." Akaweka ganda la mwisho juu ya jiko. "Nyinyi bado."

Akainuka kwenda kutupikia kahawa. Mimi na Sufyan tukabaki hatutazamani. Ndani ya mkoba wangu simu ikatetemeka, nikaenda nayo ukumbini.

"Chumvi mpenzi, kijana wangu anaichukua simu sasa hivi. Njoo Jumamosi saa saba mchana. Husn, nyuma ya kanisa, mlango wa kijani. Nitapika makmura. Usiponijibu najua ni kwa sababu sina simu, wala sitakuwa na shaka. Nakusubiri."

Mama akarudi na kahawa. Akamkabidhi Sufyan simu yeye mwenyewe, kabla hajaombwa.

"Chukua. Nimeshamaliza nayo."

Ijumaa asubuhi akanipigia Ghusun. Huyu ndiye mwenye jukwaa, aliyelianzisha na kunipa kazi ya usimamizi, ana duka la viungo pale Irbid, na ni yeye peke yake aliyejua kwamba Chumvi ni Ibtihal. Kahawa tumekunywa pamoja mara nyingi. Kwetu hajawahi kufika.

"Umenitia motoni," akasema. "Jana mwanamume amekuja mpaka dukani, Sufyan fulani. Anataka jina lako halisi."

"Umempa?"

"Mimi si msaliti. Lakini Jumapili anapeleka malalamiko polisi. Ibtihal, yule ni mama wa mtu! Mimi nilikwambia ile posti ni kali, ukanijibu sheria ni sheria."

"Najua."

"Basi nenda kamwombe radhi uso kwa uso. Akisamehe yeye, mwanawe atanyamaza. Kaniachia anwani. Tutaenda wote kesho."

"Hapana! Niache niende peke yangu. Nitaenda kesho, naapa."

Akasema ana wateja, akakata simu. Nilidhani amekubali. Ningemwambia yule mama wa mtu ni mama yangu, yote yaliyofuata yasingetokea. Lakini aibu ina mlango wa kuingilia tu.

Jumamosi saa saba kasoro, nikabisha mlango wa kijani.

Mama akafungua haraka, uso unang'aa, kisha ukapungua.

"Ibtihal? Leo si siku yako."

"Nimekuja kula."

"Leo nina mgeni, mwanangu."

Alikuwa amevaa lile gauni lake jeusi lililodariziwa nyekundu, la harusi za watu. Wanja machoni. Nyumba inanukia vitunguu na mafuta ya zeituni, na mezani sahani mbili, vitambaa vimekunjwa pembe tatu. Nilipotazama zile sahani mbili nikaapa moyoni kwamba siondoki bila kusema.

"Kaa basi kama unakaa," akasema akileta ya tatu. "Lakini usimhojihoji mgeni wangu. Unajua kuhoji wewe."

Tukasubiri. Saa saba ikafika, ikapita. Kila gari likipita mama anainuka kwenda dirishani, mkono kwenye ile nyonga.

"Labda ujumbe haukumfikia," akasema. "Au ana mgonjwa."

"Unadhani anafananaje, mama?"

Akatabasamu. "Mnene kidogo. Anacheka upesi. Watu wanaoanza na ukali mara nyingi ni wanene."

"Ana watoto?"

"Hakusema. Nadhani hana. Anauliza maswali kama mtu ambaye yeye mwenyewe haulizwi."

Nikaweka mikono mezani.

"Mama. Mgeni wako..."

Kengele ikalia.

Mama aliruka kama msichana. Mimi nilibaki mezani. Nilisikia mlango, nikasikia sauti ya kike: "Mama Sufyan? Samahani nimekuja bila kuitwa. Mimi natoka Sinia ya Kaskazini, nimekuja kwa ajili ya yale mambo ya Chumvi..."

"Umekuja!" mama akapiga kelele. "Nilijua utakuja! Nilijua!"

Akamkumbatia Ghusun, akambusu shavu hili na hili, na hili tena. Ghusun, mnene kidogo, boksi la halua kifuani, akacheka kwa mshangao. Juu ya bega la mama akaniona nimekaa mezani. Uso wake ukafurahi. Mungu shahidi, alifurahi.

"Hapana, mama yangu, mimi si Chumvi. Mimi Ghusun, mwenye jukwaa. Chumvi si yule pale, kanitangulia! Ahsante Mungu. Ibtihal, umeshamwomba radhi?"

Mikono ya mama ilikuwa bado mabegani mwa Ghusun.

"Yule ni binti yangu," akasema.

"Binti yako nani?"

"Ibtihal. Ni binti yangu."

Ghusun akanitazama, akamtazama mama, akanitazama tena. "Mungu wangu," akasema. "Mungu wangu, Ibtihal, hukuniambia."

Mama akaondoa mikono. Mtu mwingine angelia, angepiga. Mama yangu akamshika mgeni kiwiko, akamkalisha kwenye kiti alichokitenga tangu asubuhi, akampakulia. Tabaka la chini, lenye kuku mwingi. Mgeni ni mgeni. Kisha akasimama nyuma ya kiti chake mwenyewe, hakukaa.

"Yule aliyeniuliza juzi kama nyonga imelala. Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Aliyeniuliza kama mafuta ya jiko yapo?"

"Ni mimi."

"Na aliyesema nimpelekee mwenye njaa, nimwache apumue?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Sikusikii."

"Ni mimi pia."

"Wiki tatu, Ibtihal. Ulikaa pale," akaonyesha kochi, "mimi niko jikoni, unaniandikia utaniombea."

"Nilikuja leo kukwambia. Nilikuwa nimeshaanza kusema, mama, kengele ndiyo—"

"Kwa hiyo Chumvi hayupo."

"Nipo, mama. Mimi ndiye—"

"Wewe nakujua. Nimekuuliza habari za rafiki yangu."

Nikakishika kitambaa kilichokunjwa pembe tatu, nikakikunjua.

"Nilikuwa na mtu mmoja," mama akasema, si kwangu, si kwa Ghusun. "Mmoja tu, aliyeniuliza bila kulazimika."

Ghusun alikuwa ameinamia sahani, machozi yanadondokea makmura. "Mama yangu," akasema, "na mimi nina kosa. Niliiona ile posti, nikacheka, nikaiacha."

"Kula, binti yangu. Inapoa."

Nikainuka nimwendee. Akainua kiganja, hatua mbili kutoka kwangu, nikasimama hapo hapo.

Ndipo tukasikia viatu vya Sufyan. Hakubisha, hajawahi kubisha. Aliingia na baridi ya nje, karatasi mkononi, ana haraka za mtu aliyeacha gari katikati ya njia.

"Mama, sahihi tu. Nimeshaandikiwa malalamiko yote, kesho asubuhi nayafikisha." Akamwona Ghusun. "Ohoo! Bibi wa viungo! Umeona umekuja mwenyewe? Haya, taja jina la huyo mtu."

Ghusun akatazama sahani yake. Mimi nikatazama meza.

"Hataji," Sufyan akasema. "Si neno, polisi watalitafuta. Mama, tumeacha nafasi wazi hapa, unaona? Jina la mshitakiwa. Likipatikana leo ni bora zaidi."

"Limepatikana," mama akasema.

Sufyan akasukuma sahani yangu pembeni, akaitandaza karatasi mezani, akabonyeza kalamu.

"Nani?"

Mama alivuta kiti, akakaa kwa shida, nyonga ile. Akaivuta karatasi karibu, akaisogeza mbali, akaivuta tena. Akanyoosha mkono bila kunitazama.

"Miwani yangu."

Ilikuwa kwenye kabati nyuma yangu. Nikaichukua, nikaifuta kwa shela yangu, nikampa.

Akaivaa. Akachukua kalamu mkononi mwa Sufyan, akaishusha kwenye ile nafasi ya jina.